Tunza Bwawa Lako la Samaki Wakati wa Kipupwe

Leo tunazungumza nanyi wakulima wa wilaya za Ngara na Biharamulo, hasa ninyi mliochimba mabwawa ya samaki karibu na nyumba zenu. Na wewe ambaye hujachimba, usiondoke. Kaa usikilize, maana siku utakapochimba utakuwa umekwisha kujua jambo linalowashinda wengi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa tano bwawa linapendeza. Maji ni ya kijani, na ukirusha pumba samaki wanakuja juu mbio, wanagombea. Unafika mwezi wa saba. Unarusha pumba ile ile, lakini hakuna anayekuja. Pumba inaelea, inalowana, inazama. Maji nayo yamepungua, kingo za bwawa zimebaki wazi. Asubuhi ukitia mkono, maji ni baridi kweli kweli.

Hapo wenye mabwawa huwa na njia mbili. Wapo wanaoongeza chakula, wakidhani samaki wana njaa au wanaumwa. Wapo wanaokata tamaa, wakaliacha bwawa mpaka mvua zirudi. Wote wawili hupata hasara moja. Mvua zinaporudi mwezi wa tisa au wa kumi, bwawa limebaki tope na vyura. Inabidi kutafuta vifaranga upya, kulipa nauli ya kuvifuata, kisha kungoja miezi 6 au zaidi kabla ya kula samaki. Kiangazi kimoja kimekula kazi ya mwaka mzima.

Basi, ndugu mkulima, shika neno hili moja: baridi ya kwetu haiui samaki. Kinachoua bwawa wakati wa kipupwe ni maji kupungua, na mwenye bwawa kuendelea kulisha kama vile ni masika. Mambo haya mawili yote yamo mikononi mwako.

Kwanza tuelewe samaki mwenyewe. Ng'ombe na mbuzi wana joto lao mwilini, hata hewa ikipoa. Samaki sivyo. Mwili wake una joto lile lile la maji anamokaa. Maji yakipoa, naye hupoa. Tumbo lake husaga chakula polepole, na hamu ya kula humtoka. Sato na perege hupenda maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, hula kidogo sana na huacha kuzaa. Yakifika kiasi cha nyuzi 16, karibu huacha kula kabisa. Ili wafe kwa baridi yenyewe, maji lazima yashuke mpaka kiasi cha nyuzi 12 au chini ya hapo. Katika bwawa lenye kina cha kutosha huku kwetu, ni shida maji kufika huko. Kwa hiyo samaki asiyekuja juu mwezi wa saba si mgonjwa. Amepoa tu, anangoja jua.

Wenzetu wa Ulaya wana taabu kubwa kuliko hii. Huko wakati wa baridi maji ya bwawa huganda juu yakawa barafu, hata mtu aweza kutembea juu yake. Lakini chini ya barafu, samaki wao wa nchi za baridi wako hai, wametulia karibu na tope. Mfugaji wa huko hufanya nini? Huhakikisha kabla ya baridi kwamba bwawa lina kina. Huacha kulisha. Hahangaishi samaki kwa nyavu. Barafu sisi hatuna, na sato hawezi kuishi katika baridi ile, lakini mafunzo hayo matatu yanatufaa sisi pia: kina, chakula kidogo, na utulivu.

Sasa tutazame wilaya zetu. Ngara ni nchi ya milima. Mabwawa mengi yako mabondeni, na usiku wa kipupwe hewa baridi huteremka kutoka vilimani ikajaa bondeni. Maji ya chemchemi nayo hutoka ardhini yakiwa baridi. Kwa hiyo mkulima wa Ngara, shida yako ya kwanza ni ubaridi. Biharamulo kwa sehemu kubwa iko chini zaidi, na jua lake ni kali, lakini vijito vingi hukauka. Mkulima wa Biharamulo, shida yako ya kwanza ni ukame. Hata hivyo dawa zenu zinafanana, kwa sababu maji machache hupoa upesi kuliko maji mengi. Sufuria ya maji ikiwekwa nje usiku hupoa mara moja, pipa hukawia. Bwawa lako liwe pipa, lisiwe sufuria.

Haya, tuanze kazi.

Jambo la kwanza: vua mapema. Mwezi wa tano, au mwezi wa sita mwanzoni, kabla ubaridi haujakolea, vuta wavu. Wakubwa wale au wauze. Wale wadogo wengi waliozaliwa ndani ya bwawa, wapunguze pia. Wakibaki wengi katika maji yanayopungua, watagombea hewa na nafasi, na hakuna atakayekua. Samaki usiowamaliza siku hiyo wapasue, watie chumvi, wabanike kwa moshi. Wachache wenye afya ndio waachwe wapite kiangazi.

Jambo la pili: ongeza kina. Ukiisha kuvua, chota tope kwenye upande ule wenye kina, mpaka upate mita 1 na nusu. Tope hilo lipeleke kwenye migomba. Ni mbolea nzuri. Shimo hilo la pembeni ndilo nyumba ya samaki usiku wa baridi, na ndilo kimbilio lao maji yakipungua.

Jambo la tatu: pima maji kila siku. Chukua mti ulionyooka, uchanje alama kila sentimita 5, uusimike bwawani. Kila asubuhi tazama alama. Jua na upepo lazima vichukue maji kidogo, hilo halizuiliki. Lakini hesabu nami: bwawa likipoteza sentimita 1 kwa siku, kwa siku 30 ni sentimita 30, na kwa miezi 3 ya kiangazi ni sentimita 90. Bwawa lililoanza na kina cha mita 1 limekwisha! Ukiona linapoteza zaidi ya sentimita 1 kwa siku, ujue linavuja. Zunguka ukuta wake kwa nje, utafute mahali penye unyevu au majani mabichi kuliko pengine. Hapo chimba, ujaze udongo wa mfinyanzi au udongo wa kichuguu uliolowanishwa, ushindilie kwa nguvu. Usiseme utafanya kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na juu ya kingo panda majani mafupi ya kushika udongo, si miti. Mizizi ya miti hutoboa ukuta, na mikaratusi hunywa maji.

Jambo la nne: ingiza maji kwa akili. Wengi hufungua mfereji usiku na mchana wakidhani maji yanayopita ni afya. Wakati wa kipupwe hilo ni kosa. Maji baridi ya chemchemi yanaingia, maji yaliyopata joto yanatoka, na ile rangi ya kijani ambayo ni chakula cha samaki inatoka nayo. Fungua mfereji kati ya saa sita na saa tisa mchana tu, ujaze yale yaliyopungua, kisha ufunge. Ukiweza, mfereji uwe mrefu na usiwe na kina, upite juani, ili maji yapate joto njiani. Na kumbuka majirani. Wakati wa kiangazi kijito ni cha wote: cha bustani za mboga, cha mifugo, cha ndoo za akina mama. Kaeni mpatane zamu, kila mtu ajue siku yake na saa yake. Ugomvi wa maji huvunja mabwawa mengi kuliko baridi.

Jambo la tano, na hili ndilo kubwa: punguza chakula. Tuchukue mfano. Una samaki 200, na kila mmoja ana uzito wa gramu 100. Jumla ni kilo 20. Wakati wa joto, chakula cha siku ni kiasi cha sehemu 3 katika kila 100 ya uzito huo, yaani gramu 600. Wakati wa kipupwe anza na gramu 200 tu, sawa na theluthi moja. Lisha mara moja kwa siku, baina ya saa saba na saa tisa mchana, jua likiwa limepasha maji joto. Lisha mahali pamoja kila siku, kisha simama utazame. Wakimaliza kwa dakika 15, ni sawa. Wakiacha, kesho punguza. Wasipokuja kabisa, usirushe kitu siku hiyo. Samaki waliopoa hawafi kwa kukosa chakula siku chache, maana bado wanachota vile vidudu na mimea midogo iliyomo katika maji ya kijani.

Pengine utauliza: kwani chakula kikizidi kina ubaya gani? Ubaya upo. Pumba iliyobaki huoza chini, na kuoza hula ile hewa iliyomo ndani ya maji ambayo samaki huvuta. Kisha usiku wenye upepo, maji ya juu yakipoa huwa mazito, hushuka chini na kuyainua yale machafu ya chini. Asubuhi unakuta samaki wote wako juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Watu husema wameuawa na baridi. Kumbe wameuawa na pumba iliyooza! Ukiwaona hivyo, acha chakula, acha mbolea, ingiza maji mapya mara moja hata kama ni baridi, na uyapige yale ya bwawani kwa ubao au ndoo yachanganyike na hewa.

Mbolea nayo ipime kwa mkono wako. Simama pembeni, uingize mkono majini kiganja kikiwa wazi. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, maji yana mbolea ya kutosha, usitie nyingine. Ukiona kiganja wazi mpaka maji yanapita kiwiko, tia samadi kidogo ndani ya kizimba cha miti pembeni mwa bwawa. Kidogo, ndugu yangu! Kwenye baridi hata samadi huchelewa kufanya kazi, kisha joto likirudi hufanya yote kwa pamoja.

Jambo la sita: usiwahangaishe. Kipupwe si wakati wa kuvuta nyavu ovyo, kuhamisha vifaranga au kusafirisha samaki. Aliyepoa akikwaruzwa, kidonda hakiponi upesi, hushikwa na ukungu mweupe kama pamba. Maji yakipungua, ndege wala samaki na fisi maji nao hupata urahisi. Fyeka majani marefu ya kandokando, na tupa matawi ya miiba kwenye ule upande wenye kina ili samaki wajifiche.

Sasa, je, kama unaona dhahiri kwamba maji yako hayatafika mwezi wa tisa? Usingoje samaki wafie topeni. Vua wote ukiwa na nafasi. Lakini usiachie mbegu ipotee. Chimba shimo dogo mahali penye maji ya kudumu, mita 3 kwa 4, kina mita 1 na nusu, uweke samaki wazazi, majike 3 kwa kila dume 1. Au shirikianeni watu wanne watano, mtunze wazazi katika bwawa la yule mwenye maji ya uhakika. Joto likirudi watazaa, nanyi mtapata vifaranga bila kulipa nauli. Bwawa lililokauka liache lipasuke kwa jua, litie chokaa au majivu, na liwe tayari kwa mvua.

Mvua zitakaporudi, usiruke kutoka gramu 200 mpaka 600 kwa siku moja. Ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Chimba mtaro juu ya bwawa ili maji ya mvua ya kwanza, yenye udongo na pengine dawa za mashambani, yapite pembeni.

Na ninyi mnaotaka kuchimba bwawa jipya, mwiteni kwanza bwana samaki wa wilaya yenu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ni heri uulize kabla ya kushika jembe.

Kabla ya kuagana tukumbushane: vua mapema, ongeza kina, pima maji, jaza mchana, punguza chakula, acha samaki watulie. Mti wenye alama haununuliwi dukani. Udongo wa kichuguu upo. Mkono wa kupimia maji unao. Kinachobaki ni kwenda bwawani kila asubuhi, hata kama kuna umande na baridi.

Kazi njema, ndugu mkulima, na kwa heri.