Hotuba juu ya Neno FADHILI
(Ilisemwa Kwedizinga na mwalimu wa dini, siku ya Yubile)

Nimepewa nusu saa, nami sitaki kuwachosha kwa mambo mengi. Nataka kusema nanyi habari ya neno moja tu, nalo ni FADHILI. Hapana mtu hapa asiyelijua, hata mtoto. Lakini neno tulijualo sana ndilo tulitumialo pasipo kulitazama, kama vile mtu asivyotazama kizingiti cha nyumba yake hata siku ajikwaapo.

Neno hili asili yake ni Kiarabu. Lilishuka pwani, kisha likapanda huku kwetu pamoja na chumvi na nguo. Shina lake kwa Kiarabu lina maana ya kitu kilichosalia, kilichozidi. Umempimia mtu haki yake, umempa yote, na juu yake kimebaki kitu, nacho ukampa pia: hicho ndicho fadhili. Shina hilo hilo limezaa afadhali, yaani kilicho bora kuliko kingine, tena limezaa tafadhali, ambalo twalisema kutwa tukiomba maji au njia. Jirani yake ni hisani, na shina la hisani ni uzuri. Nayo asante imetoka humo humo, maana yake, Umefanya vizuri. Basi atoaye hisani na ajibuye asante wanasema neno moja, mmoja kwa mkono na mmoja kwa kinywa. Jambo hili hunipendeza sana, nami huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka, hata wengine wamekwisha kuchoka kulisikia.

Sasa tusichanganye. Huruma hukaa moyoni; waweza kumhurumia mtu tangu asubuhi mpaka jioni, usimpe hata tonge. Wema ni neno letu wenyewe la Kibantu, nalo ni pana mno: mtu mwema, siku njema, chakula chema. Fadhili ni nyembamba kuliko hayo. Lazima wawepo watu wawili, na kitu kilichopita kati yao, tena kitu hicho kisiwe deni. Mwenye duka akikuuzia unga kwa bei yake hakukufadhili. Bwana akikulipa mshahara wa mwezi ulioutumikia hakukufadhili, ingawa wako mabwana wasemao hivyo, nao husema kwa sauti kuu.

Lakini shida ya neno hili haimo katika maana yake tu, imo katika kinywa kinachotamka. Sikilizeni. Mtu akisema, Nifadhili, hilo ni ombi, nalo ni la adabu. Akisema, Amenifadhili, huo ni ushuhuda, na kila asikiaye hufurahi. Haya, mtu yule wa pili naye na aseme, Nimemfadhili. Mmesikia? Neno ni lile lile, shina ni lile lile, imegeuka nafsi tu, na mara limekuwa chungu. Ndiyo maana Waswahili wana neno jingine, kusimbulia, yaani kumkumbusha mtu mema uliyomtendea ili ainame. Na maneno ya namna hiyo huitwa masimango. Tena wapo wapendao methali ya punda, kwamba fadhila zake ni mateke. Methali ni ya kweli, sikatai, walakini aisemaye amekwisha kumfanya jirani yake kuwa punda.

Mwaka mmoja wa njaa, katika kijiji ambacho sitakitaja, mahindi yaliletwa kugawiwa watu. Aliyesimamia mgawo alitaka watu wakae safu uwanjani, majina yasomwe kwa sauti, na kila apokeaye ageuke kuwaelekea watu, apigwe picha pamoja na mfuko wake. Mjane mmoja, mtu mzima, jina lake liliposomwa aliinuka, akaenda, akapokea, akashukuru kwa adabu. Jioni akamtuma mjukuu wake aurudishe mfuko kwa balozi pamoja na maneno haya, Mwambieni nimeshiba. Wala hakuwa ameshiba. Sote twalijua, kwa kuwa jiko lake halikutoa moshi tangu juzi. Wengine wakamwita mwenye kiburi. Mimi siwafuati. Mama yule alipewa mahindi akatwaliwa heshima, na alipofanya hesabu aliona kuwa bei ni kubwa.

Katika Zaburi ya 136, kama ilivyo katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, neno fadhili hurudi katika kila mstari, na mistari yake ni 26. Angalieni ni nani wasemao. Ni wale waliotolewa utumwani na kulishwa. Waliopokea ndio waimbao.

Nasi watu wa Uzigua tunayo sababu yetu ya kulichunga neno hili. Katika miaka ya 1830 nchi hii ilipatwa na ukame na njaa kali, na watu wengi wakashuka pwani kutafuta chakula. Masimulizi ya wajukuu wao husema kwamba waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda majahazi kwa kuamini, kumbe wamekwisha kuuzwa. Wakafikishwa pwani ya Somalia, wakalimishwa mashamba ya watu. Baadaye wengi walitoroka, na masimulizi humtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, aliyewaongoza ili warudi kwao kwa miguu. Hawakufika. Walikaa kando ya mto Juba, msituni, wakalima huko vizazi kwa vizazi, nao hawakuiacha lugha. Kizigua chao na cha Handeni vyasikilizana hata leo. Fadhili ya namna gani ile, ya kumwonyesha mwenye njaa chakula ili umtie jahazini? Ile ni ndoana, na chakula ni chambo chake.

Hata mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka na vita kuenea, watu hao walikimbia. Wengi waliingia Kenya, na tangu mwaka 2003 maelfu yao walichukuliwa kutoka makambi ya huko kwenda kukaa Marekani. Wengine walikuja Tanzania, wakawekwa Mkuyu, katika wilaya hii ya Handeni, na baadaye Chogo, wilaya ile ile. Kufikia mwaka 2009 zaidi ya elfu moja walikuwa wamekwisha kupewa uraia. Ilipita karne moja na nusu, na zaidi, tangu babu zao walipoondoka.

Basi nauliza, je, waliporudi walifadhiliwa? Wako wasemao, Ndiyo, tumewafadhili, tumewapa mahali. Mimi naona hivi. Mtoto wa nyumba aliyepotea akirudi usiku, chakula anachokikuta chunguni si fadhili, ni chake. Na karatasi ya uraia ni kazi ya sheria, hupimwa kwa sheria. Lakini mtu amwazimaye mgeni jembe siku ya mvua ya kwanza, na hali yeye mwenyewe ana majembe mawili tu. Au ampaye mbegu za mahindi asizopanga kuzidai. Huyo ametoa kilichozidi haki, huyo amefadhili. Na habari yake na isemwe na watu wa Chogo. Sisi wenyeji tukiisema, tumeiharibu.

Nimeambiwa kwamba kitabu hiki cha Yubile kitakuwa na ukurasa wa majina ya wafadhili. Ni vema, maana hapo sisi tuliopokea ndio tusemao. Nimewaomba tu waandishi waongeze wale akina mama waliobeba mchanga wa kujengea kwa vichwa vyao. Mwandishi mmoja akaniuliza, Hao walitoa kiasi gani? Nikamwambia aandike, Mchanga.

Tena kuna habari ya ghala yetu. Mvua zikikatika kama zilivyokatika miaka mingine, tutapima mahindi, pishi kwa pishi, kadiri yatakavyotosha. Wazee wamekubali kwamba majina hayatasomwa, wala hapatakuwa na picha. Daftari litakaa kwa mtunza ghala peke yake. Mwenye haja na aje jioni kwa mlango wa nyuma, ule unaoelekea migomba, na kama hawezi kuja, amtume mtoto na kikapu.