Elimu ya Pwani Irudi Pwani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wapenda mageuzi na waumini, Mji wa Kale, Mombasa)



Sisi mawakili tumezoea kunena juu ya kura, jela na mahakama. Leo yafaa tunene juu ya jambo lisilopigiwa kelele: utafiti wa vyuo vikuu, na ni nani anayekula matunda yake.

Tazameni juu. Dari za nyumba nyingi za Mji huu wa Kale zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti kama hizo zilipakiwa majahazini zikauzwa Arabuni kwa karne nyingi, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kwa hiyo mkoko ni uchumi wetu tangu zamani, na ndio utakaotupa mfano wa leo.

Huko Gazi, katika Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini ya kisiwa hiki, mikoko ilifyekwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda na miti ya kujengea. Katika miaka ya 1990 watafiti wakaanza kuipanda upya wakishirikiana na wanakijiji. Miongoni mwao alikuwa Dkt. James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo makao yake yako ng'ambo tu ya Bandari ya Kale, upande wa Mkomani. Wataalamu wa vyuo vikuu, kikiwamo Edinburgh Napier cha Uskoti, wakasaidia kupima kiasi cha kaboni kilichohifadhiwa katika shina, mizizi na matope. Ikadhihirika kwamba matope yale tunayoyadharau huhifadhi kaboni nyingi kuliko miti yenyewe.

Vipimo hivyo vikazaa mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117, na wanunuzi wa ng'ambo hulipia kaboni iliyohifadhiwa. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vikafuata nyayo.

Je, yote hayo yalitokana na huruma ya wasomi? La hasha! Yalitokana na mkataba. Jamii ilitia sahihi makubaliano na idara ya misitu, na fedha zikawekwa chini ya kamati ya wanakijiji wenyewe. Utafiti ulizaa mali, lakini ni mkataba uliofanya mali hiyo ibaki kijijini.

Sasa tujiulize: ni wazee wangapi wa mji huu, wavuvi, mafundi wa majahazi na wajuzi wa lugha, waliohojiwa mchana kutwa, daftari la mgeni likajaa, naye akaenda zake? Kitabu kikatoka kwa lugha asiyoisoma mzee na kwa bei asiyoimudu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msiba wetu ni kwamba daftari lipo, ila liko mikononi mwa wengine.

Ndugu zetu, kudai hesabu si kuomba sadaka. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, inailazimisha dola kuhakikisha faida za maliasili zinagawanywa kwa haki, na kuulinda ujuzi wa wenyeji juu ya viumbe na mimea. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Wala kisingizio cha umbali hakipo tena. Chuo kilichoanza mwaka 1951 kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, nacho ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilipata hati yake.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, kila utafiti unaofanywa kwetu uanze kwa makubaliano ya maandishi na wenyeji. Pili, matokeo yarudishwe kwa Kiswahili, yasomwe katika kumbi za makanisa, misikiti na mabanda ya wavuvi. Wataalamu wameandika mengi juu ya maji machafu yanayoiumiza mikoko ya ghuba ya Tudor. Anayevua humo anastahili kuyajua kabla ya mwingine yeyote. Tatu, likipatikana pato, fungu la wenyeji litajwe tangu mwanzo.

Mwaka 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, tukarudishiwa haki ya kuchagua chama. Lakini raia anayepiga kura huku amefichwa ujuzi uliotoka kwake mwenyewe, uhuru wake ni nusu. Tusiondoke hapa bila kuazimia kuidai nusu iliyobaki.