Spea na Ufundi wa Mashine za Nukta Nundu: Akheri Tuanzie Wapi



Mtoto wa darasa la pili ameandika neno "lala" kwenye mashine ya nukta nundu. Herufi l ina nukta ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kitufe cha nukta ya pili, kile kinachobonyezwa na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kinashuka vizuri, ila pini yake haipandi. Karatasini inabaki nukta ya kwanza na ya tatu, ambayo ni k. Mwalimu anapitisha vidole, anasoma "kaka". Mashine hiyohiyo ikipewa "baba" itatoa a nne mfululizo. Mtoto anakatwa alama za imla alizostahili kupata, na akirudia kosa halimtoki, kwa sababu halikuwa lake. Kwa hiyo suala la spea nalileta kwa walimu kwanza, kabla ya kulipeleka kwa watunza stoo.

Mashine ninayoizungumzia ni ile tuliyozoea kuiita Perkins. Aliibuni David Abraham, mwalimu wa ufundi wa mbao katika Shule ya Wasioona ya Perkins huko Watertown, Massachusetts, Marekani. Vita Kuu ya Pili ikachelewesha kazi, uzalishaji ukaanza 1951. Umbo lake la msingi limebadilika kidogo sana tangu hapo: vitufe sita vya nukta, kitufe cha nafasi katikati, cha kurudi nyuma na cha kushusha mstari, pamoja na kichwa chenye pini kinachotembea herufi 42 kwa mstari, mistari 25 kwa karatasi. Haihitaji umeme wala betri. Kwa fundi kutobadilika huko ni neema, maana mashine ya zamani iliyokufa inaweza kuiponya nyingine iliyoletwa miaka mingi baadaye.

Wapo wanaosema mashine ikiharibika mtoto arudi kwenye kibao na kalamu yake ya ncha. Kibao nakiheshimu, ni chepesi na bei yake ni ndogo. Lakini kwa kibao mtoto huandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, na hawezi kupapasa alichoandika mpaka aitoe karatasi na kuipindua. Anayeanza kujifunza anahitaji kugusa herufi yake papo hapo. Mashine inampa hilo.

Sasa tuingie ndani ya mashine yenyewe. Ukiondoa kifuniko cha chini, kinachokutazama mara nyingi ni uchafu. Kiangazi udongo wetu wa Meru hugeuka vumbi laini mno linalopenya kila upenyo. Likikutana na mafuta mazito aliyotia mtu mwenye nia njema, linaganda kama gundi. Vitufe vinashuka na kugoma kurudi. Kichwa kinaruka herufi au kinasimama katikati ya mstari. Nawasihi walimu: msitie mafuta ya kupikia, wala ya gari. Funikeni mashine kila jioni, tumieni karatasi nzito inayostahili, na kitufe kikigoma msikilazimishe. Mashine nyingi zinazoitwa mbovu zinahitaji kusafishwa na kurekebishwa tu, na fundi makini wa cherehani au wa taipureta ana mikono inayoiweza kazi hiyo. Anachokosa ni mafunzo mafupi na funguo za alen za kipimo cha inchi, kwa kuwa mashine hii ilizaliwa Marekani na skrubu zake hazifuati milimita.

Spea nazigawa kwa namna ninavyoziogopa. Miguu ya mpira, mpini wa kubebea na vishikio vya kuzungushia karatasi siviogopi. Karakana zetu za Arusha zinaweza kuvichonga, na Chuo cha Ufundi Arusha kina mashine za kuchongea vyuma. Pini na kichwa chake ni jambo jingine. Nukta huinuka kama nusu milimita tu juu ya karatasi. Pini iliyochongwa kwa kukisia itatoboa karatasi au itaacha nukta hafifu, nasi tutarudi kwenye "kaka". Hizo tuagize kwa mtengenezaji, na tuziagize kwa pamoja. Shule moja ikiagiza springi mbili, gharama ya usafirishaji itazidi bei ya springi.

Kuhusu ushuru, wengi tunalipa bila kuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Tano, inatoa msamaha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, wasioona wakiwemo. Makao makuu ya Jumuiya hiyo yapo Arusha mjini, na ya Umoja wa Posta Afrika pia yapo hapohapo. Taratibu za posta za kimataifa nazo zina msamaha wa ada kwa vitu vya wasioona, ingawa nyongeza ya usafiri wa ndege inaweza kutozwa. Barua ya maombi iandikwe kabla mzigo haujaondoka huko utokako. Ukishafika forodhani bila karatasi, kila siku ya kungoja ina gharama yake.

Kuchinja mashine mbovu ili kupata spea nakukubali, kwa sharti la kumbukumbu. Nimeona stoo ambamo mashine tano zilifunguliwa ili kuponya moja, skrubu zikamwagwa kwenye kopo la rangi, na hakuna aliyejua kipi kimetoka wapi. Mashine ya kuchinjwa ichaguliwe, iandikwe daftarini, na kila kipande kifungwe kwenye mfuko wenye jina lake.

Pendekezo langu linahusu Akheri hasa. Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo hapahapa, kinaandaa walimu wa elimu maalum wanaokwenda kufundisha mikoa mbalimbali. Naomba mwanachuo wa fani ya wasioona asihitimu kabla hajafungua mashine, akaisafisha na kuirudisha ikiandika nukta zote sita sawasawa. Jirani na chuo iwepo meza moja ya ufundi, fundi mmoja anayelipwa, na kabati la spea linalohudumia shule za kanda. Na mfadhili anayeleta mashine kumi aombwe bila haya alete tisa, na fedha ya ile ya kumi iwe pini, springi na mafunzo.

Ili agizo la kwanza liandikwe, nahitaji kutoka kila shule iliyopo hapa: idadi ya mashine zote, nzima na mbovu, namba iliyo kwenye kila moja, na karatasi iliyoandikwa kwa mashine hiyo herufi a hadi z. Karatasi hizo zitatuonyesha ni nukta gani imekufa, katika mashine ipi.