Muuguzi Anayetaka Kazi Ng'ambo

Leo nataka kusema na wauguzi wa Rungwe: wewe uliye zamu Makandana, wewe wa Igogwe, na wewe uliyemaliza chuo ukarudi Katumba au Kiwira kuwasaidia wazazi kuchuma chai huku ukingoja kuitwa kazini. Wazazi nao wasikilize, maana mara nyingi shamba linalouzwa ni lao.

Tuseme muuguzi mmoja ameniuliza hivi: "Nimepata mtu Dar es Salaam. Asema hospitali moja ya Uingereza imemtuma atafute wauguzi wa Tanzania. Nitangulize shilingi milioni 4, naye atamaliza mengine yote. Je, nimpe?"

Usimpe. Lakini jibu hilo peke yake halikusaidii, kwa maana ukimnyima fedha zako bado hujaijua njia. Basi tuitazame.

Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya kanuni za kuajiri waganga na wauguzi kutoka nchi nyingine. Shabaha yake ni kwamba nchi tajiri zisikombe wauguzi wa nchi ambazo wodi zake zenyewe hazina watu wa kutosha. Baadaye shirika hilo likatoa orodha ya nchi za kulindwa. Orodha ya mwaka 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo. Kwa sababu hiyo Uingereza imewakataza waajiri wake wa huduma za afya, pamoja na mawakala wao, kuja kwetu kutafuta wauguzi. Lakini haikumkataza muuguzi wa Tanzania kuomba kazi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, moja kwa moja kwa mwajiri.

Tafadhali soma tena maneno hayo. Wewe waruhusiwa kuwafuata. Wao hawaruhusiwi kukufuata. Basi mtu akija kwako na kusema kwamba ametumwa na hospitali ya Uingereza, ama anavunja kanuni, ama hakutumwa na mtu yeyote. Tena sheria ya Uingereza humkataza wakala kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi. Yuko pia mwingine anayeuza nafasi za kulea wazee huko. Mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi tarehe 22 Julai 2025. Mlango wa muuguzi aliyesajiliwa haukufungwa.

Sasa, kazi ya kwanza haiko London. Iko ndani ya sanduku lako la vyeti. Toa vyeti vyote uviweke mezani: cha kuzaliwa, cha shule, cha chuo, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na pasipoti kama unayo. Halafu tazama jina. Hapa kwetu jambo hili lina udhia wake. Jina linaloanza na Mwaky- mwalimu mmoja aliliandika Mwaki-, karani mwingine akaacha jina la pili, na baada ya ndoa likaongezwa jina la mume. Sisi twajua kwamba huyo ni mtu mmoja. Karani aliye ng'ambo ataona watu watatu. Sahihisha jambo hilo ukiwa hapa, kwa kiapo mbele ya wakili au kwa hati ya kubadili jina, kabla hujalipa ada yoyote.

Tazama pia daraja lako. Uingereza na Marekani humtaka muuguzi wa daraja la kwanza, yaani aliyesoma uuguzi wa jumla na kusajiliwa kwa daraja hilo. Kama una cheti cha uuguzi tu, usipoteze fedha kwa maombi. Jiendeleze kwanza hadi stashahada au shahada. Najua neno hili halipendezi, lakini afadhali ulisikie leo.

Jambo moja huwashangaza wengi. Karatasi nzito hazisafiri mikononi mwako. Baraza letu ndilo litakaloliandikia baraza la huko kwamba umesajiliwa na kwamba huna kosa, na kwa Marekani chuo chako ndicho kitakachopeleka taarifa ya masomo. Mtu akisema kwamba ataweza kukutengenezea barua hizo, mkimbie. Udanganyifu ukigunduliwa hukupoteza nafasi ile tu. Waweza kukupoteza leseni ya hapa pia.

Kwa Uingereza, baraza la kuandikiwa hujulikana kwa herufi NMC. Wewe hufungua maombi mwenyewe kwenye tovuti yake. Utathibitisha Kiingereza chako. Katika mtihani wa IELTS watakiwa kupata 7 katika kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 katika kuandika. Upo pia mtihani wa OET, ambao habari zake ni za hospitali, na wauguzi wengine huuona mwepesi zaidi. Usidhani kwamba kwa kuwa chuoni ulifundishwa kwa Kiingereza jambo hili limekwisha. Wengi wa kwetu huangushwa na kuandika, si kusema. Andika ukurasa mmoja kila siku kwa miezi 6, umpe mtu mwenye kujua akusahihishie. Toka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 900. Si safari ya kwenda kujaribu bahati.

Kisha uko mtihani wa kompyuta: maswali 15 ya hesabu za dawa, na 100 ya uuguzi. Ukifaulu ndipo utafute mwajiri, na tovuti ya NHS Jobs yatangaza nafasi kwa watu wote bila malipo. Mtihani wa mwisho, OSCE, hufanywa Uingereza tu. Una vituo 10. Utampima mgonjwa, utapanga uuguzi wake, utampa dawa na kuandika taarifa ya kumkabidhi kwa mwenzako, na mbele yako yuko mtahini mwenye saa. Muuguzi mwenye miaka 10 ya kazi aweza kuanguka hapo kwa kusahau tu kumwuliza mgonjwa jina lake na mzio wake kabla ya kumpa dawa.

Na gharama? Kwa ada za mwaka 2025, maombi ni pauni 140, mtihani wa kompyuta 83, OSCE 794, na kuandikishwa 153. Jumla ni pauni 1,170, zaidi ya shilingi milioni 3. Bado hujahesabu mtihani wa lugha, viza na nauli, lakini hazilipwi zote kwa siku moja, na waajiri wengi hulipa OSCE wao wenyewe. Sasa zitazame tena zile milioni 4 za bwana wa Dar es Salaam. Ada zote nilizozitaja hukaribia kiasi hicho.

Marekani nitaitaja kwa ufupi. Mtihani wake ni NCLEX, wenye maswali 85 hadi 150, na kompyuta huchagua swali kwa kadiri ya ulivyojibu lililotangulia. Foleni ya viza huweza kuchukua miaka. Ujerumani, waliouita mji wetu huu Neu-Langenburg walipotutawala, watataka ujue Kijerumani kwa kiwango cha B2 kwa kawaida, kisha vyeti vyako vilinganishwe na vyao. Asiyesomea uuguzi aweza kuomba kwenda kujifunza kazi huko kwa miaka 3.

Wako watakaoniuliza kama ni haki kuwafundisha wauguzi njia ya kuondoka, na wodi zetu zina upungufu. Swali hilo ni la kweli, nalo laniuma. Lakini wako waliohitimu wanaokaa nyumbani bila kuajiriwa, na sioni kwamba yafaa kuwaficha habari hizi ili wanyang'anywe shamba na mdanganyifu. Wewe uliye kazini serikalini, usitoroke. Omba likizo bila malipo au acha kazi kwa barua. Baraza la ng'ambo litauliza habari zako kwa wakubwa wako wa hapa.

Kabla ya somo lijalo fanya kazi hii. Chukua karatasi, uandike jina lako kama lilivyo katika kila cheti, moja chini ya jingine, herufi kwa herufi. Chini yake andika tarehe ya mwisho ya leseni yako. Uje na karatasi hiyo kwenye kikundi chenu cha kusikiliza, nasi tutaendelea na habari za kuusoma mkataba, hasa kile kifungu kinachosema utarudisha gharama ukiondoka mapema.