Askari na Hesabu ya Umeme Nyumbani



Katika mazungumzo yetu ya leo tutazungumzia gharama ya umeme na gesi ya kupikia katika nyumba ya mtu anayeishi kwa mshahara. Huenda mtu akaliona jambo hili kuwa dogo, lisilostahili kukaa karibu na habari za ulinzi na usalama. Lakini askari aliye lindoni usiku, huku akijua kwamba nyumbani kwake mita imekatika na watoto wamelala bila ya kusoma, hawezi kuwa na moyo uliotulia. Wasiwasi wa nyumba humfuata mlinzi hata kwenye zamu yake.

Yafaa kwanza tujiulize swali ambalo wananchi wengi wa Uganda huliuliza: ikiwa umeme ni mwingi, mbona ni ghali? Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mjini Jinja mwaka 1954. Baadaye yakafuata mabwawa mengine juu ya mto huo huo wa Nili: Kiira, kisha Bujagali mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lililozinduliwa mwezi Septemba 2024. Wanaokumbuka miaka ya 2005 na 2006, wakati maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka na mitaa ikawa inapewa umeme kwa zamu, hawana budi kukiri kwamba taifa limepiga hatua kubwa.

Hata hivyo bwawa hujengwa kwa fedha za kukopa, na mkopo hulipwa. Sehemu kubwa ya fedha za Karuma na Isimba ilikopwa kutoka Benki ya Exim ya China, na Bujagali ilijengwa kwa mtaji wa watu binafsi na mikopo yao. Malipo hayo yamo ndani ya bei ya umeme tunaonunua. Isitoshe, umeme hauwekwi ghalani kama mahindi ukamngojea mnunuzi. Sharti uwepo waya wa kuufikisha na mtu wa kuutumia. Kwa hiyo wingi wa maji yanayopita Karuma hauwezi peke yake kuteremsha bei katika chumba cha koplo aliyeko Mbarara au Gulu. Lililo mikononi mwa koplo huyo ni kujua matumizi yake yanakwenda wapi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Umeme nao ni mali, na daftari lake ni yuniti. Yuniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa muda wa saa moja. Basi taa ya kisasa ya wati 9, ikiwashwa saa 5 kila usiku kwa mwezi mzima, haifikishi hata yuniti moja na nusu. Taa ya zamani ya wati 60 kwa muda huo huo hula yuniti 9. Birika la umeme la wati 2,000, likichemsha maji kwa robo saa tu kila siku, humaliza yuniti 15 kwa mwezi. Kwa kawaida baba mwenye nyumba humkaripia mtoto aliyesahau kuzima taa, huku birika likichemsha maji ya vikombe kumi kwa ajili ya kikombe kimoja. Anayetaka kupunguza gharama na aanze na vyombo vya kutoa joto: pasi, birika, koili na kipasha maji.

Hapa pana jambo linalomhusu askari kuliko raia. Sare lazima inyooshwe, na hilo halina mjadala. Lakini anayewasha pasi kila alfajiri kwa ajili ya shati moja hulipia kila siku kuipasha moto pasi iliyopoa. Afadhali anyooshe sare za juma zima kwa mara moja, aanze na nguo nzito pasi ikiwa na moto mkali, kisha amalizie nguo nyepesi kwa joto lililobaki baada ya kuizima.

Maharagwe nayo, chakula kisichokosekana makambini, yana hesabu yake. Maharagwe makavu yakipikwa kwa saa 3 juu ya koili ya wati 1,500 yanaweza kula yuniti 4 na nusu. Yakilowekwa usiku kucha na kupikwa katika jiko la presha la umeme, aghalabu hayafiki yuniti moja. Jiko hilo huhitaji fedha za kulinunua, na si kila mtu anazo kwa mkupuo. Ndiyo maana vyama vya akiba na mikopo vya askari, kama Wazalendo kwa upande wa jeshi na Exodus kwa upande wa polisi, vinafaa kutazamwa kwa jicho hili. Mkopo mdogo unaopunguza gharama ya kila mwezi ni bora kuliko mkopo wa sherehe unaosahaulika mara tu ngoma inapokoma.

Tuingie sasa katika bei yenyewe. Tangu mwaka 2022 bei ya umeme wa nyumbani nchini Uganda ilipangwa kwa ngazi. Yuniti 15 za kwanza za mwezi ziliwekwa shilingi 250 kila moja, kwa ajili ya kumsaidia mwenye kipato kidogo. Kutoka yuniti ya 16 hadi ya 80 hutozwa bei ya kawaida. Kutoka ya 81 hadi ya 150 iliwekwa bei ya kupikia, shilingi 412, na kupita hapo bei ya kawaida hurudi. Bei hizi hutazamwa upya kila baada ya miezi mitatu, hivyo ni wajibu kuzifuatilia matangazo yanapotolewa.

Kwa mfano tu, tuseme bei ya kawaida ni shilingi 750. Yuniti 80 zitagharimu shilingi 52,500 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ada ya huduma. Lakini yuniti 70 zinazofuata zitagharimu shilingi 28,840 peke yake. Maana yake ni hii: familia inayotumia yuniti 20 au 30 ikianza kupikia koili bila ya hesabu, itaumia, kwa kuwa kila yuniti inayoongeza italipiwa bei ya kawaida. Familia ambayo tayari imekaribia yuniti 80 inaweza kupikia umeme kwa bei nafuu. Yuniti 70 ni zaidi ya yuniti 2 kwa siku, nazo kwa jiko la presha zinatosha chakula kikuu cha nyumba. Kila nyumba basi ipime hali yake kabla ya kumuiga jirani.

Watumiao mita ya kulipa kabla, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la Yaka, wakumbuke pia kwamba ada ya huduma hutozwa kila mwezi hata pasiponunuliwa kitu. Askari aliyehamishwa kwa miezi mitatu na kufunga nyumba yake asishangae akirudi na kukuta ada zimelundikana. Mwenye familia nyumbani anaweza kununua umeme kwa simu akiwa mbali na kuwatumia tarakimu 20 za kuingiza katika mita. Lakini awatumie pamoja na makubaliano ya matumizi, kwani anayebaki jikoni ndiye mtunza daftari halisi.

Ama kuhusu gesi, Uganda huagiza gesi yake ya kupikia kutoka nje, ikipitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo bei yake hupanda na kushuka pamoja na bei ya dunia, thamani ya shilingi na nauli ya malori. Mnunuzi hana uwezo juu ya hayo, lakini anao uwezo juu ya mizani. Kila mtungi huwa umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Mtungi wenye uzito mtupu wa kilo 14, unaouzwa kwa kilo 12 za gesi, sharti upime kilo 26. Ukipungua, mwambie muuzaji hapo hapo, kabla ya kuuchukua. Nyumbani, sufuria ifunikwe, na moto upunguzwe mara chakula kinapochemka, kwa maana kuchemka kwa fujo hakuivishi haraka zaidi.

Tahadhari moja haina budi kutolewa hapa. Wengi wenu mnaishi katika vyumba vidogo, wengine katika vile vibanda vya duara vya mabati vinavyojulikana kwa jina la yuniporti. Gharama inapozidi, mtu hurudi kwenye jiko la mkaa, na usiku wa baridi huliacha likiwaka ndani, mlango umefungwa. Mkaa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu wakiwa usingizini. Gesi nayo ikinuka, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, wala usiguse kiberiti au swichi. Hakuna akiba inayolingana na roho ya mtoto.

Limebaki jambo moja zito. Yuko mtu atakayesema kwamba njia fupi ya kukabili gharama ni kuunganisha waya kando ya mita. Usambazaji ulipokabidhiwa kampuni ya Umeme mwezi Machi 2005, takriban asilimia 38 ya umeme ulioingia katika nyaya ulikuwa ukipotea, ama kwa uchakavu wa mitambo ama kwa wizi. Mkataba huo ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, na kazi kurudi kwa shirika la serikali, UEDCL, upotevu ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 20. Sehemu ya upotevu huingizwa katika hesabu ya bei, kwa hiyo anayeiba umeme humtwika mzigo wake mjane anayelipia yuniti zake tano tano. Sheria ya umeme ilirekebishwa mwaka 2022 na adhabu zikaongezwa, na anayetumwa kumkamata mwizi huyo ni askari.

Je, askari atamkamata vipi mtu wa mtaani kwa waya wa wizi, ikiwa waya kama huo unapita juu ya paa la nyumba yake mwenyewe? Sare iliyonyooshwa kwa umeme wa wizi haina heshima hata ikimeta. Lakini askari anayeisoma mita yake, anayeloweka maharagwe yake na kulipa anachotumia, huweza kusimama mbele ya raia yeyote na kumwambia kweli bila ya kuinamisha macho.