Rufiji, Mto wa Maji Mawili
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Muscat)



Nimetakiwa niseme machache juu ya mto ambao wengi wenu mmeusikia jina tu. Rufiji huzaliwa pale Kilombero inapokutana na Luwegu, ukaongezewa maji na Ruaha Mkuu, kisha hushuka hadi mkabala wa kisiwa cha Mafia, ambako hugawanyika vijito vingi ndani ya msitu mkubwa wa mikoko.

Siri ya delta hiyo ni kujaa na kupwa. Siku za bamvua bahari hupanda zaidi ya meta 3 na kuusukuma mto urudi nyuma. Maji matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu, yakainuliwa hadi mashambani. Hivyo mpunga hunyweshwa kwa nguvu ya bahari bila ya kuonja chumvi, madhali mto haujadhoofika. Mkulima wa huko huhesabu mwezi kama mvuvi.

Wageni hupenda kusimulia habari za manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humo ikaangamizwa Julai 1915. Hiyo naipita.

Kinachotuhusu sisi ni boriti. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakapakia boriti za mikoko, yakarejea na kusi. Nyumba nyingi za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za pwani yetu, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa mti. Vijana, mkiingia nyumba ya zamani, inueni macho mtazame dari.

Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, nalo limekusudiwa kutoa megawati 2,115. Umeme ni neema, sina haja ya kuubeza. Lakini bwawa huzuia tope, na tope ndilo lililoijenga delta. Na mto ukidhoofika, chumvi hupanda hadi kwenye mpunga. Aprili 2024, kinyume chake, mafuriko makubwa yaliwafukuza watu wa Rufiji na Kibiti majumbani mwao.

Kwa hivyo nawaomba wazee waliowahi kusafiri kwa majahazi hayo wakae na katibu baada ya chakula, wamtajie majina ya vijito na milango waliyoingilia. Daftari liko tayari.