Pauni na Dola: Kwa Nini Mkazi Afuatilie Viwango vya Fedha



Mada ya leo ni kiwango cha kubadilisha pauni ya Uingereza kwa dola ya Marekani. Huenda mkulima akauliza yanamhusu nini. Yanamhusu. Majani chai kwenye mnada wa Mombasa huuzwa kwa dola, na familia nyingi zina jamaa Uingereza wanaotuma pauni.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pauni moja ilikuwa sawa na dola 4.86, kwa sababu sarafu zote mbili zilipimwa kwa dhahabu. Baada ya vita, mwaka 1925, Winston Churchill akiwa Waziri wa Fedha aliirudisha pauni kwenye kiwango hicho. Bidhaa za Uingereza zikawa ghali kwa wanunuzi wa nje, na Septemba 1931 nchi hiyo ikaachana na dhahabu. Wakati wa Vita vya Pili kiwango kilikuwa dola 4.03. Tarehe 18 Septemba 1949 pauni ilishushwa hadi dola 2.80.

Hapo ndipo mambo yalipofika kwetu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwa pauni: shilingi 20 kwa pauni moja. Pauni ilipoanguka, shilingi ilianguka nayo. Dola iliyogharimu takriban shilingi 5 ikapanda hadi shilingi 7.14. Uamuzi ulifanywa London; mkulima wa hapa hakuulizwa.

Tarehe 18 Novemba 1967 pauni ilishushwa tena, hadi dola 2.40. Safari hii Kenya ilikuwa nchi huru yenye shilingi yake, iliyotolewa mwaka 1966, na haikufuata. Pauni ikashuka kutoka shilingi 20 hadi takriban shilingi 17.14. Aliyeagiza mashine Uingereza alipata nafuu. Lakini aliyekuwa akidai pauni 100 za mauzo, akitarajia shilingi 2,000, alipokea kama shilingi 1,714. Shilingi 286 zilimpotea bila kosa lake.

Tangu Juni 1972 pauni haina kiwango maalum kwa dola. Soko ndilo huamua. Mapema mwaka 1985 ilikaribia dola 1.05. Septemba 2022, baada ya serikali ya Uingereza kutangaza punguzo kubwa la kodi, ilianguka hadi takriban dola 1.03. Shilingi yetu nayo iliachiwa soko mwaka 1993.

Mkazi azingatie mambo matatu. Kwanza, anayetumiwa fedha aulize atapokea shilingi ngapi baada ya makato yote, kisha alinganishe angalau watoa huduma wawili. Ada ndogo yaweza kuficha kiwango kibaya. Pili, anayelipwa kwa shilingi afikiri sana kabla ya kukopa kwa dola au pauni. Tatu, chama cha ushirika kinachouza nje kiandike kwenye mkataba sarafu ya malipo na siku ya kuhesabu kiwango, na wanachama waonyeshwe hesabu hiyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kiwango cha siku ya malipo nacho kiandikwe humo.